Baiskeli ya Wagonjwa

Kwa miaka mingi, hapa kwetu Mugeta hukuhitaji kuuliza nani anaumwa sana. Ulitazama tu baiskeli ya baba yangu imeegeshwa kwa nani. Ni Phoenix ya chuma, nyeusi, nzito, na keria yake imepinda kwa kubeba magunia ya mtama, na siku moja padri mzima ambaye gari lake lilikwama mtoni. Ukiiona imeegemea ukuta wa mtu, ulijua mle ndani kuna mgonjwa ambaye dawa zimeanza kugonga mwamba. Unarudi nyumbani, unachukua kuni au unga, unaenda kukaa na wenzako.

Baba anaitwa Stanislausi na ni katekista. Zamani kazi zote za kigango zilikuwa zake: kuongoza ibada ya Jumapili, kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza, kugombana na kwaya. Kisha parokia ikaleta katekista kijana, Paschal, mwenye pikipiki na gitaa, na Baba akaachiwa wagonjwa. Hapo ndipo baiskeli ilipopata jina. Watu wakaiita baiskeli ya wagonjwa, na wazee wenye roho nyepesi wakawa wanahama upande wa barabara wakiiona inakuja.

Tena kuna ile kengele. Baba anapompelekea mgonjwa Ekaristi, huiweka katika kikopo kidogo kinachoning'inia shingoni, ndani ya shati, na tangu atoke kanisani hasemi na mtu yeyote. Hasalimii. Huku kwetu, kupita watu bila kuwasalimia ni kosa ambalo mabinti wamekosa wachumba kwa ajili yake. Kwa hiyo hupiga kengele njia nzima, ili watu waelewe kwamba hajawadharau, wavue kofia na wasimame pembeni mpaka apite. Ni kengele ya zamani yenye ufa, inalia kama kijiko kinachoangukia sahani ya bati. Nawaambieni, hata ng'ombe walikuwa wanaijua. Siku ambazo hajabeba Ekaristi, mtu huyohuyo ukikutana naye njiani utasimama mpaka maziwa uliyobeba yagande, maana Baba anapenda maneno kuliko chakula.

Sasa, mtu mmoja tu ndiye aliyemwita Baba kwa jina lake, na huyo ni Alfonsi. Walichunga pamoja wakiwa wadogo, wakapewa kipaimara siku moja, wakaoa mwaka mmoja. Kwa wengine wote Baba ni Katekista. Hata Mama, Matrida wake wa ndoa, akiwa mbele ya wageni humwita Katekista. Na ukiwa Katekista, kila nyumba unayoingia wanazima redio, wanasogeza pombe chini ya kitanda, na wanakuomba uanze kwa sala. Kwa Alfonsi haikuwa hivyo. Alfonsi alimwita Stani, akaongeza sauti ya redio, na hapo yakaanza mabishano ya Simba na Yanga, na ya nani kati yao alimpoteza ndama wa mzee fulani miaka ile, kesi ambayo hadi leo haijaamuliwa. Baba alikuwa akirudi kutoka huko mbavu zinamuuma kwa kucheka. Ilikuwa nyumba yake moja ya kupumzikia, na nadhani hakujua hivyo mpaka alipoikosa.

Aliikosa hivi. Mwaka juzi Alfonsi alipasuliwa ngiri mjini Bunda, akarudi nyumbani salama, anatembea polepole ameshika tumbo. Baba akaenda kumwona, kama ambavyo rafiki yeyote angeenda. Alibeba mkungu wa ndizi. Akaegesha baiskeli ukutani, mbele ya nyumba, akaingia, wakafungua redio.

Ilikuwa siku ya mnada, na nusu ya Mugeta ilikuwa inapita barabara ile. Wa kwanza kuiona baiskeli alikuwa jirani yao Burito, mtu ambaye hajawahi kuona jambo akalinyamazia. Chai ya Baba haijapoa, akina mama wa jumuiya wamefika na ndoo za maji vichwani. Wanaume wakaanza kusogeza magogo ya kukalia uani. Mwingine akampigia simu Robert, mtoto wa Alfonsi anayeishi Musoma, akamwambia, "Katekista yuko kwa mzee na mlango umefungwa. Wewe njoo tu." Robert naye, kwa hofu, hakuuliza. Akaja na gari limebeba turubai na viti vya kukodi.

Alfonsi alikuwa bado ndani, redio iko juu, anabishana habari za penati aliposikia mtu analia nje. Akatoka na singlendi, mkono tumboni, akauliza, "Nani amekufa?" Mama aliyekuwa akilia akamtazama, akazidisha kilio.

Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba hakucheka, kwa sababu alimwona mwenzake usoni. Alfonsi alizunguka ua, akaangalia viti, akaangalia turubai, akaangalia kuni zilizopangwa vizuri, akaona msiba wake mwenyewe umekamilika, amebaki kusubiriwa yeye. Kwa mtu aliyetoka kushonwa majuzi, huo si utani. Akamgeukia Baba mbele ya watu wote.

"Stani, mimi nilikuwaga nakungoja uje tuongee. Wewe umeniletea watu wa kunizika. Usije tena hapa kwangu na hiyo kitu."

Baba aliikokota baiskeli mpaka nyumbani bila kuipanda, na jioni hiyo hakula.

Miezi ikapita. Akipiga simu, anapokea Nyamburi, mke wa Alfonsi, anasema, "Amelala, shemeji," saa sita mchana. Nilikuwa nimesharudi nyumbani na cherehani yangu baada ya ndoa yangu kwisha, nashona barazani, kwa hiyo niliona yote. Baba alikaa kwenye kigoda chake na redio imezimwa. Siku ya mechi kubwa alikwenda kulala kabla ya mpira kuanza. Mimi si mtu wa machozi, lakini kumwona baba yako anakosa mtu wa kubishana naye kunaumiza, na kuliniumiza.

"Nenda kwa miguu," nilimwambia.

"Goti hili?"

"Basi panda bodaboda."

Akanitazama kama mtoto aliyekosea katekisimu. "Dafroza. Katekista akionekana kwenye bodaboda, si watasema mgonjwa hana hata muda wa kungoja baiskeli?"

Nikashikwa na hasira, maana alikuwa anasema kweli. Nikamwambia, "Basi ipake rangi hiyo baiskeli watu wasiijue." Nilisema tu ili anyamaze nimalizie kola. Yeye akasimama, akaenda kutafuta spana.

Rangi aliomba kwa mjomba wangu Gody, kaka yake Mama, anayeunda mitumbwi kule Kiriba. Baba huongea na simu akiwa ameweka sauti ya nje, kijiji kizima kisikie, kwa hiyo nami nilisikia.

"Nyeusi ninayo, shemeji," Mjomba Gody alisema.

"Nyeusi sitaki. Nipe rangi ambayo mtu hawezi kufa nayo."

Mjomba akasema atatafuta. Baada ya siku chache basi likashusha boksi: kopo la njano, nusu kopo la bluu, msasa, na mfuko wa furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, ambao Mama aliuona wa maana kuliko vyote.

Basi nyumba yetu ikawa gereji. Baba aliipindua baiskeli magurudumu juu, nyuma ya jiko, akaanza kuifungua. Nati nyingine zilikuwa hazijaguswa tangu mimi sijazaliwa. Alizimwagia mafuta ya taa, akazisubiri, akazisemesha kwa upole kama anavyowasemesha wagonjwa, mpaka zikalegea. Gololi alizilowesha kwenye sahani, akaiweka juu ya jiwe, kuku mmoja akaja akameza moja. Mama alikataa katakata kuku wake achinjwe kwa ajili ya baiskeli. Baba alitaka kumfungia kuku huyo na kungoja, tukamwambia gololi zinauzwa Bunda.

Kisha ukaja msasa. Nilifikiri atafanya siku moja achoke, lakini alikwangua fremu ile kuanzia asubuhi mpaka kivuli kinahama, kila siku, vumbi la kutu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mafuta ya cherehani yangu yaliisha bila mimi kuulizwa. Nikamgombeza, akasema, "Mwanangu, hivi vyote ni vyuma, vinasaidiana," na nilishindwa kuendelea kukasirika. Baba yangu ana namna hiyo. Unakuja na hasira zako umezipanga vizuri, anakuacha huna hata moja.

Kwenye bomba la juu kulikuwa na mahali pamebonyea, kama kidole gumba kimekandamiza udongo. Fundi wa Manyamanyama, palepale Bunda, aliyetuuzia gololi alikuwa amempa Baba chuma laini cha kujazia mashimo kama hayo. Baba alipapitisha kidole, akasema hapo asipaguse mtu. Ilikuwa kazi ya Alfonsi. Siku ya harusi ya Baba, Alfonsi aliiazima baiskeli ile, ikiwa bado mpya, kwenda kumfuata mpiga ngoma aliyechelewa, akateremka mlima akiwa ameachia breki kwa raha zake, akaingia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Mpiga ngoma hakupatikana, na Alfonsi, aliyekuwa bwana msimamizi, alisimama kanisani suruali inachuruzika maji. Baba alinisimulia hayo huku anakwangua, anacheka peke yake, halafu akaacha kucheka akaendelea na msasa.

Siku ya kupaka alitundika fremu kwa kamba kwenye mti wa mwarobaini. Mkono wa kwanza uliharibika, maana ng'ombe walirudi jioni wakaangusha vumbi lao lote juu ya njano mbichi, na wadudu wakamalizia. Ikabidi akwangue tena. Safari ya pili aliiba chandarua cha kitanda chake, akaifunika fremu yote mpaka chini. Mama alilala na mbu, na wapita njia wakawa wanasimama kuuliza, "Katekista, umemlaza nani humo kwenye neti?" Baba akajibu, "Mgonjwa, lakini huyu anapona."

Ilipokamilika nilitoka barazani kuitazama. Fremu ya njano, madigadi za bluu, rimu zimesuguliwa kwa majivu zinang'aa. Ilikuwa inafanana na mtumbwi wa Kiriba unaokwenda harusini. Mama akaizunguka, akasema, "Kwa umri wako, Stanislausi. Njano." Lakini alikuwa anatabasamu, na alimwita kwa jina.

Halafu akauliza, "Na kengele?"

Kengele Baba alikuwa ameipolisha kwa ndimu, ameirudisha kwenye hendo ya usukani. Mama akaigonga kwa kidole, ikalia ule mlio wake wa sahani ya bati, na mwanamke aliyekuwa anapita na mkokoteni akageuka na kutuuliza nani anaumwa. Mama akamtazama Baba. "Unaona? Hata ukiipaka rangi za bendera, hiyo ikilia watu wanatafuta kuni."

Baba hakufurahi. Kengele ile ni ya Ekaristi, na Ekaristi si kitu cha kuficha. Aliifungua, akakaa kwenye kigoda akiigeuza mkononi. Mwishoni akasema kengele itakaa kwenye droo ya cherehani yangu. Siku ya kazi ataifunga. Siku ya kutembea tu ataiacha. Akaingiza spana ndogo kwenye mfuko wa shati, na tangu siku hiyo, kila nikivuta droo kutafuta bobini, kengele inalia kidogo.

Alipokwenda kwa Alfonsi mara ya kwanza na baiskeli ya njano nilimfuata. Nilikuwa na gauni la Nyamburi la kupeleka, na kama lisingekuwepo ningelishona. Baba aliegesha mbele, ukutani, palepale pa siku zote. Nikahesabu moyoni nani atatokea na ndoo ya maji. Hakutokea mtu na ndoo. Walitokea watoto, wamefumbata sarafu mikononi, wakaizunguka baiskeli wakitafuta sanduku la aiskrimu. Nyuma yao akaja Burito mwenyewe, akainama kuchungulia chini ya keria, akauliza, "Za ukwaju zipo?"

Alfonsi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amepungua kidogo, lakini bado ana kifua cha mtu aliyeshika pembe za ng'ombe maisha yake yote. Akatazama watoto, akamtazama Burito, akaitazama baiskeli toka tairi la mbele mpaka la nyuma. Akashuka ngazi. Akaweka kidole chake gumba kwenye ile sehemu iliyobonyea.

"Hapa hukupanyoosha," alisema.

"Nilikuwa nakungoja uninyooshee wewe. Si ndiye uliyeharibu?"

Alfonsi akaanza kucheka, akashika tumbo pale pa mshono kwa mazoea, akacheka mpaka Nyamburi akatoka ndani na mwiko mkononi. "Stani, umenilipia kiti cha mbele huko mbinguni kwa hii aibu. Njano." Kisha akapangusa macho, akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini iweke nyuma ya zizi. Hawa watu mimi siwaamini."

Baba akaipeleka nyuma ya zizi. Redio ikafunguliwa. Nilipoondoka walikuwa wanagombania ndama yule.

Hivyo ndivyo walivyoendelea. Kwa muda mfupi Mugeta ikajifunza kutazama hendo kwanza. Kengele ipo, watu wanavua kofia na kuulizana ni kwa nani. Kengele haipo, wanamsimamisha Baba na kumpa habari za mbegu na za ndoa zinazoyumba. Wazee wenye roho nyepesi wakaacha kuhama barabara. Baba akawa anakaribishwa hata kwa watu wenye afya zao kabisa, akawa anakula sana, Mama akalalamikia mikanda. Na karibu kila juma alikwenda kwa Alfonsi bila kengele, akaegesha nyuma ya zizi, hata baada ya kila mtu kujua kwamba iko kule na haimaanishi kitu.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, Alfonsi akaumwa. Safari hii haikuwa ngiri. Walimpeleka Musoma, wakampeleka Mwanza, wakamrudisha nyumbani, na sisi watu wazima tunajua kurudishwa nyumbani kuna maana gani. Baba aliendelea kwenda, bila kengele, anaficha baiskeli nyuma ya zizi, anafungua redio pembeni ya kitanda na kubishana kwa niaba ya wote wawili. Hakuwahi kumuuliza kama anataka Komunyo. Hawa wagonjwa wengine wote huwauliza siku ya kwanza. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Akiniona nimekuja kama Katekista, atajua. Mimi siwezi kuwa wa kumwambia."

Siku moja asubuhi simu ikaita. Baba alikuwa uani anapaka grisi mnyororo, akaweka sauti ya nje kama kawaida yake. Alikuwa Nyamburi.

"Shemeji, habari za huko. Padri amekuja jana akampaka mafuta. Alfonsi anasema uje."

"Nakuja sasa hivi. Mwambie naleta na betri mpya za redio."

Tulisikia jogoo wa kwao anawika.

"Anasema uje na kengele."

Baba alikata simu. Alikuja barazani, akavuta droo ya cherehani mwenyewe, akaitoa. Mikono yake ilikuwa na grisi, nati ikawa inamponyoka. Niliishika kengele kwenye hendo, yeye akakaza kwa spana. Akanawa, akavaa shati jeupe, akaenda kanisani kuchukua Ekaristi.

Mimi na Mama tulipanda bodaboda, tukamwambia dereva akae nyuma ya baiskeli na asiipite. Baba aliendesha taratibu akipiga kengele, mgongo umenyooka. Watu walitoka mashambani na majembe, wakasimama kwenye kingo za barabara. Waliovaa kofia walizivua. Hakuna aliyemsalimia, wala yeye hakumsalimia mtu. Tulimpita Burito amepiga goti moja kwenye matope, kimya, na hapo ndipo nilipolia.

Tulipofika, Baba alishuka na, kwa mazoea, akaanza kuikokota baiskeli kuelekea nyuma ya zizi. Kitanda cha Alfonsi kilikuwa kimesogezwa karibu na dirisha. Sauti yake ilitoka humo, ndogo, lakini tuliisikia wote.

"Stani. Leo usiifiche. Iache hapo mbele."

Baba hakumjibu, kwa sababu alikuwa amebeba Ekaristi. Aliigeuza baiskeli, akairudisha, akaiegemeza ukutani chini ya dirisha la Alfonsi, kengele ikitazama barabarani. Kisha akaingia ndani, nasi nyuma yake. Tulikuwa hatujamaliza Baba Yetu tuliposikia ndoo ya kwanza ya maji inatuliwa uani.